Muulize Mtu wa Maabara: Mtoto wangu anakunywa floraidi kiasi gani kwa siku?

Safari hii maswali yamejaa mada moja, floraidi kwenye maji ya kunywa, yaani madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi yanaharibu meno na mifupa, wengi mnaandika kutoka pande za Mlima Meru, wengine Moshi, Singida, mpaka Kenya na Marekani. Nimechukua yale ya watoto wadogo tu, chini ya miaka minane, maana hao ndo meno yao ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi ndani ya ufizi wakati sisi tunabishana kama maji ni salama au la. Mnaoniita dokta, asanteni kwa kunipandisha cheo ila mimi sio daktari, mimi ni mtu wa maabara ya maji, kwahiyo penye mambo ya hospitali nitawaambia muende hospitali.

Shikamoo. Tulipeleka maji ya bomba la kijiji kupimwa tukaambiwa ni 3.2. Mume wangu anasema hiyo sio nyingi, yeye amekunywa maji haya tangu azaliwe na yuko fiti, meno tu ndo ya kahawia. Tuna mtoto wa miaka miwili, kilo 12. Hii 3.2 kwake ni nyingi au ni kawaida yetu? — Mama wa mtoto mmoja, Maji ya Chai

Marahaba mama. Hiyo 3.2 ni miligramu za floraidi kwenye lita moja ya maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na Tanzania nayo sasa ni 1.5, ila kwa miaka mingi sisi tuliruhusu mpaka 4, na kabla ya hapo vijijini hadi 8, sio kwasababu ilikuwa salama bali kwasababu ukikaza kiwango unafunga vyanzo vya watu na mbadala huna. Kwahiyo mumeo alikulia kwenye maji yaliyoitwa mazuri kisheria, hajakosea kusema alivyosema.

Ila namba uliyopewa ni ya maji, sio ya mtoto. Ya mtoto inabidi uipige mwenyewe: lita anazokunywa kwa siku, mara floraidi iliyomo kwenye lita, gawanya kwa kilo zake. Mtoto wa miaka miwili kwenye joto, ukijumlisha maji ya kikombe, uji, chai na maji ya kupikia, lita moja kwa siku sio ajabu. Lita 1 mara 3.2 ni miligramu 3.2, gawanya kwa kilo 12 unapata kama 0.27 kwa kila kilo ya mwili. Kikomo ambacho wataalam wengi wanakitumia kwa watoto ni 0.1 kwa kilo kwa siku. Wamarekani wao wanaweka kikomo kwa umri, mwaka mmoja hadi mitatu isizidi miligramu 1.3 kwa siku nzima, minne hadi minane 2.2. Ukitumia kipimo chochote kati ya hivyo wako amepita zaidi ya mara mbili.

Sasa mpige na baba yake. Tuseme ana kilo 70 na anakunywa lita mbili na nusu, hiyo ni miligramu 8, ukigawanya ni 0.11 hivi. Bomba moja, nyumba moja, na mtoto anapata zaidi ya mara mbili ya baba yake kwa kila kilo ya mwili. Alafu kuna jambo la pili, mwili wa mtu mzima unatoa kwa mkojo sehemu kubwa ya floraidi inayoingia, wa mtoto unabakisha nusu au zaidi kwasababu mifupa inajengwa na inaidaka, na watoto wachanga wanabakisha zaidi ya hapo.

Na ngoja niseme kitu ambacho huwa hakisemwi kwenye mikutano ya kijiji, hata maji ya 1.5 yenyewe, kwa mtoto wa kilo 12 anayemaliza lita nzima, yanampa 0.125. Yaani maji yamefaulu na mtoto amepita kikomo kidogo. Ile 1.5 haikupigwa kwa mtoto wa miaka miwili wa Arumeru kiangazi, na Shirika la Afya lenyewe linasema nchi ziangalie watu wake wanakunywa lita ngapi kabla ya kuweka kiwango chao.

Kuhusu mumeo na meno ya kahawia, hayo meno sio "tu". Meno ya mbele ya juu, yale makubwa mawili, kipindi chake kibaya zaidi ni kati ya miezi 15 na 30, alafu yanakuja kuota akiwa na miaka sita au saba. Kwahiyo ukisubiri uone meno ndo ujue kama maji ni mabaya unaona kilichotokea miaka mitano nyuma. Wako yuko katikati ya kipindi hicho leo, kwahiyo yeye ndo wa kwanza kutafutiwa maji mengine hapo nyumbani, hata kama ni dumu moja la mvua la kwake peke yake. Nyie wakubwa mnaweza kuendelea na bomba wakati mnajipanga.

Nimeelewa hesabu ya lita mara floraidi gawanya kilo, ila mtoto wangu hakai kitako anywe. Anakunywa funda moja anaenda, nusu anamwaga, nyingine anawapa kuku. Nitajuaje ni lita ngapi? — Baba wa msichana wa mwaka na nusu, Usa River

Ha ha, huyo wa kuku nimempenda. Hata watafiti wanasumbuka hapo hapo, maana kupima floraidi kwenye maji ni kazi ya dakika chache, kupima mtoto amekunywa maji kiasi gani ndo shughuli.

Fanya hivi. Chagua siku mbili za kawaida, moja iwe ya wikiendi kama siku zingine anaachwa kwa bibi au kwa dada wa kazi. Mpe chupa yake peke yake ya plastiki ya nusu lita, chora mstari kwa maka penye 500, asubuhi jaza mpaka mstarini. Kila akitaka maji anapewa kutoka humo na si kwenye kikombe cha mtu mwingine. Ikiisha unajaza tena na kuandika alama ukutani au kwenye simu. Kila anapomwaga unakadiria, funda, nusu kikombe, na usiku unapima kilichobaki kwa bomba la sindano la dawa ya watoto au kikombe cha kupimia. Vya kuku unatoa.

Alafu inakuja jikoni, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Uji ukichemka nusu saa mvuke unatoka, floraidi haitoki na mvuke, inabaki yote sufuriani. Kwahiyo hesabu maji yaliyoingia kwenye sufuria, sio uji uliobaki. Ukiweka lita moja na nusu ya maji ya 3, sufuria hiyo ina miligramu 4.5, na kama mtoto amekula robo ya uji amepata 1.1 hata kama uji wenyewe ni mzito na umepungua mpaka lita moja. Ugali hivyo hivyo, wali hivyo hivyo. Ambacho hukihesabu ni maji yanayomwagwa, mfano viazi umevichemsha ukamwaga maji, hapo sehemu kubwa imeondoka.

Watafiti wenyewe wakitaka uhakika wanatumia njia ya sahani pacha. Kila anachowekewa mtoto kinawekwa kingine sawasawa kwenye ndoo yenye mfuniko, kijiko kwa kijiko, kikombe kwa kikombe, na akibakisha nao wanapunguza kiasi hicho hicho kwenye ndoo, jioni wanakoroga yote pamoja na kupima. Ni njia nzuri sana ila inataka mama mvumilivu na chakula cha mara mbili, na hapo kwenye chakula cha mara mbili nyumba nyingi zinaishia.

Mjukuu wangu ana miezi minne, mama yake amerudi kazini mjini kaniachia maziwa ya kopo. Naambiwa nichemshe maji vizuri sana. Maji yetu ya kisima yalipimwa 3. Nachemsha dakika ishirini kwa usalama. Ni sawa? — Bibi, Arumeru

Shikamoo bibi. Umefanya vizuri kuuliza mapema na naomba usinichukie kwa jibu langu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa mtoto wa kopo ni lazima, ila floraidi haifi wala hairuki. Ukichemsha lita 5 zenye 3 mpaka zikabaki lita 4, floraidi ile ile miligramu 15 sasa imekaa kwenye lita 4, inakuwa 3.75. Yakishachemka vizuri toa, hiyo dakika ishirini unayaongezea makali.

Hesabu yake iko hivi, mtoto wa kilo 6 anayekunywa maziwa ya kopo anatumia kama lita 0.8 ya maji kwa siku, mara 3 ni miligramu 2.4. Kikomo cha umri wake kwa hesabu ya Wamarekani ni miligramu 0.7 kwa siku. Huyu mjukuu ndo yuko pabaya kuliko watu wote nyumbani, kuliko hata yule wa miaka miwili wa jirani, kwasababu chakula chake chote ni maji.

Maziwa ya mama ni habari nyingine kabisa. Mwili wa mama unaizuia floraidi isipite kwenye maziwa, hata mama akinywa maji mabaya kiasi gani, kwenye maziwa inapita chembe tu, kwa kawaida kama 0.01 kwa lita. Lita 0.8 ya maziwa ya mama ina 0.008. Linganisha na ile 2.4, ni tofauti ya mara 300. Kwahiyo kama mama yake anaweza kukamua asubuhi na jioni na yakahifadhiwa vizuri, hilo ndo la kwanza na muongee na kliniki wawaelekeze. Kama haiwezekani, maji ya kopo lake yawe ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, au ya chupa yaliyoandikwa floraidi ndogo, na hayo sasa ndo uyachemshe. Anahitaji chini ya lita moja kwa siku, dumu la lita 20 linampeleka zaidi ya wiki tatu.

Habari mtaalamu. Sisi tuko Gilgil, kaunti ya Nakuru, maji ni ya kisima cha kuchimbwa na mashine. Tuko na mtungi wa kuchuja wa udongo na pia huwa tunaweka klorini. Jirani ananiambia hiyo yote haitoi floraidi, ati ninunue ya mifupa ya ng'ombe. Ni ukweli ama ni biashara? — Mama wa watoto wawili, Gilgil

Jirani yako ana haki. Klorini inaua vijidudu, mtungi wa udongo unakamata uchafu na vijidudu, floraidi imeyeyuka kwenye maji kama chumvi na inapita zake. Vinavyoitoa ni vichache, kuna mkaa wa mifupa, kuna alumina maalum, kuna mashine zile za kusukuma maji kwenye utando mwembamba ambazo zinatumia umeme na zinamwaga maji mengi, na kuna njia ya shabu na chokaa inayoitwa Nalgonda, kwa jina la wilaya ya India ilikotokea.

Mkaa wa mifupa sio utapeli, pande zenu za Nakuru mradi wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki umeutengeneza kwa miaka mingi, na huku kwetu kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kiko Ngurdoto, kimehangaika nao sana. Mifupa inachomwa kwenye tanuru kwa hewa kidogo mpaka iwe mkaa mweusi, inasagwa punje ndogo, inaoshwa, inawekwa kwenye ndoo na maji yanapita taratibu. Ikichomwa vibaya maji yanatoka na harufu na ladha ya nyama, na hapo watoto wanagoma na wewe utagoma.

Shida yake moja kubwa ni kwamba haikuambii imechoka. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha, ndoo inaweza kuendelea kutoa maji meupe safi mwaka mzima huku mkaa umeshiba tangu mwezi wa tatu, na mama anampa mtoto kwa moyo mkunjufu. Kwahiyo ukinunua muulize muuzaji maswali mawili, kwa maji ya kiwango changu huu mkaa unapitisha lita ngapi kabla ya kuchoka, na nani atanipimia maji yanayotoka. Kama la pili hana jibu mwache. Na pima maji yanayotoka, sio yanayoingia tu.

Kingine, nyie mko karibu na Elementaita, ziwa ambalo floraidi yake inahesabiwa kwa mamia na maelfu ya miligramu kwa lita, bonde zima hilo miamba ni ya volkano na maji yake ya chini ni ya magadi magadi, kalsiamu haba, na penye kalsiamu haba floraidi inabaki imeyeyuka kwa raha zake. Visima viwili vilivyopishana nusu kilomita vinaweza kuwa kimoja 1 na kingine 8. Kwahiyo usitumie majibu ya kisima cha jirani.

Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii, nataka kufanya utafiti mdogo wa watoto wa miaka 3 hadi 5. Nipime mkojo, kucha, au nitegemee maji tu? Msimamizi anasema mkojo wa masaa 24 ndo kila kitu. — Mwanafunzi, Mwanza

Msimamizi wako yuko sahihi kwenye vitabu, mwambie aje akusanye mkojo wa masaa 24 wa mtoto wa miaka mitatu alafu tuongee. Natania, ila kweli, mtoto mmoja akikojoa shambani mara moja tu siku nzima imeharibika na hutajua.

Mkojo unaonyesha kilichoingia jana na leo, maana floraidi haikai kwenye damu muda mrefu, masaa machache inaelekea mifupani au kwenye figo. Kwa watoto wadogo wanaokula na kunywa kawaida, karibu asilimia 45 ya kilichoingia ndo kinatoka kwa mkojo. Kwahiyo ukipata 0.6 kwa siku nzima, gawanya kwa 0.45, mtoto ameingiza kama 1.3. Hiyo ni makadirio ya kundi, usiende kumwambia mama mmoja mmoja kwamba mwanao ameingiza 1.3, kwa mtoto mmoja inayumba sana, inategemea hata chakula alichokula kinavyobadilisha uchachu wa mkojo.

Kama masaa 24 yamekushinda chukua mkojo wa mara moja, pima na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo, ili ujue mkojo ni mzito au mwepesi, na chukua saa ile ile kwa watoto wote. Kama utawachukua wa asubuhi Jumatatu na wengine mchana Ijumaa baada ya chai ya shule, hiyo sio data, hayo ni matatizo. Na usikamue pampasi kupata mkojo mpaka umeipima pampasi yenyewe kwa maji safi kwanza uone inameza au inaongeza kiasi gani.

Kucha zinaonyesha miezi kadhaa nyuma, ya kidole gumba cha mguu kama miezi mitatu, kwasababu kucha ilijengwa kwenye shina wakati ule na sasa imefika kwenye ncha. Mama hakatai kukata kucha kama anavyokataa damu, unaziweka kwenye bahasha na hazihitaji friji. Tatizo ni uchafu wa nje, rangi ya kucha, udongo, maji ya kufulia yenye floraidi ile ile, lazima maabara izioshe vizuri kabla ya kupima.

Mimi ningekushauri maji ya kila nyumba na ya shule, dodoso fupi la vikombe, na mkojo wa mara moja kwa kundi dogo ili ujihakikishe kwamba hesabu yako ya vikombe haidanganyi. Ukiona mkojo uko juu na maji yako chini, usifute data, kuna kitu kingine kinawaingia, soma swali linalofuata.

Maji yetu Moshi vijijini yamepimwa mara mbili, 0.4 na 0.5, safi kabisa. Lakini watoto wa chekechea yangu wanaotoka meno ya ukubwani wana madoa, wengine mistari meupe, wengine kahawia. Inatoka wapi? — Mwalimu, Kilimanjaro

Mwalimu, jikoni mnatumia magadi? Nauliza nikiwa najua jibu. Makande, maharage magumu, mlenda, magadi yanaingia ili viive haraka na kuni zipungue. Magadi yanatoka kwenye mabonde na maziwa ya chumvi, na floraidi yake inatofautiana vibaya mno, kuna yenye kidogo na kuna yanayofika miligramu elfu kadhaa kwa kilo moja. Tanzania ilishafanyiwa utafiti vijiji vyenye maji mazuri kabisa na meno mabaya, na mkono ukaelekea kwenye magadi.

Chukua mfano, magadi ya gramu 10 kwenye sufuria la makande la watoto 20, na gramu moja iwe na miligramu 2 za floraidi. Jumla ni 20, kila mtoto anapata moja kwenye sahani moja. Wa miaka mitatu ambaye kikomo chake ni 1.3 amebakiwa na 0.3 kwa siku nzima, bado hajanywa chai. Na chai yenyewe majani yake yana floraidi, mmea wa chai unaifyonza kutoka udongoni, chai iliyokolea inaweza kutoa miligramu 1 mpaka 5 kwa lita hata ukitumia maji ya mvua. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pika bila magadi, na chai ya rangi iwaachie walimu.

Kabla hujahitimisha angalia madoa yenyewe. Ya floraidi yanaenda kwa jozi, jino la kulia na mwenzake wa kushoto yanafanana kwasababu yalitengenezwa wakati mmoja. Doa la jino moja peke yake linaweza kuwa la kuanguka au la kuoza. Na watoto wenye miguu iliyopinda, matege, hao wapelekwe hospitali wapigwe picha, maana kwetu matege yana sababu zaidi ya moja, kuna floraidi na kuna upungufu wa kalsiamu na vitamini D, na tiba hazifanani.

Dawa ya meno ina floraidi, sisi tuna floraidi kwenye maji. Nimwache mtoto asiswakishwe na dawa? — Baba, Singida

Usimwache bila mswaki. Dawa nyingi zina kama miligramu 1 hadi 1.5 kwa gramu, na ukijaza mswaki mzima kama kwenye matangazo hiyo ni karibu gramu moja, na mtoto wa miaka miwili hajui kutema, anameza. Chini ya miaka mitatu weka kama punje ya mchele, mitatu hadi sita kama njegere ndogo, umshikie mswaki wewe na umfundishe kutema. Kwa punje ya mchele dawa haina neno, shughulika na maji. Kama maji yenu yako juu sana muulize daktari wa meno aamue kuhusu dawa, na usimsugue kwa mchanga wala ndimu kutoa madoa, doa liko ndani ya jino, utamaliza jino doa libaki.

Niko Minnesota na watoto wawili. Huku wanaweka floraidi kwenye maji makusudi na sasa watu wanasema inashusha akili za watoto. Nyumbani Arusha wazazi walitukataza maji ya floraidi, huku wanatupa bure. Nichanganyikiwe? — Mama, Marekani

Tofauti ni kiasi. Huko wanalenga 0.7 kwa lita tangu 2015. Mtoto wa kilo 12 akinywa lita nzima anapata 0.06 hivi kwa kilo, chini ya kikomo. Mto Ngarenanyuki kule Meru floraidi yake inazidi 20 kwa lita.

Kuhusu akili, mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani ya mambo ya sumu ilitoa ripoti iliyosema, kwa uhakika wa wastani, kwamba floraidi inayozidi 1.5 kwenye maji inaendana na watoto kupata alama ndogo za akili. Kuhusu 0.7 walisema ushahidi hautoshi kusema ndio au hapana. Tafiti nyingi zilizotumika zilitoka nje ya Marekani, kwenye maeneo yenye maji kama yetu. Kwahiyo wewe wa Minnesota usipoteze usingizi, na kama una kichanga wa maziwa ya kopo unaweza kutumia maji yenye floraidi kidogo, hata wao wanaruhusu. Sisi wa huku hiyo ripoti inatuhusu zaidi ya inavyowahusu wao, na sijasikia mtu akiisoma kwenye mkutano wa kamati ya maji.

Naleta maji kupimwa. Nilete kwenye nini na kiasi gani? — Wengi mmeuliza

Chupa ya plastiki ya nusu lita, sio ya kioo, sio iliyokuwa na soda au dawa. Fungua bomba liende dakika mbili tatu, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza, funga. Andika kwa kalamu isiyofutika jina la chanzo, tarehe na saa, na kama ni kisima andika mvua zilinyesha lini, maana mwisho wa kiangazi namba huwa tofauti na wakati wa masika, kwahiyo pima vipindi vyote viwili. Lete na chupa ya pili ya maji ambayo mtoto anakunywa kweli, yale ya kwenye ndoo au ya kwenye chujio, maana mara nyingi sio yale ya bomba. Nenda maabara ya ubora wa maji ya mkoa, uliza bei kabla, na waambie unataka kipimo cha elektrodi, kifaa kinachosoma floraidi kwenye maji na kutoa namba, kama wanacho, zile karatasi za kuchovya zinazouzwa mtandaoni zinakuambia "juu" au "chini" na kwa maji yetu ya magadi hata hilo zinakosea. Ukipewa majibu usikubali neno "yanafaa" peke yake, omba namba, na mtoto mpime uzito wiki hiyo hiyo.